Kila Katazo na Mbadala Wake: Mifupa ya Mgonjwa wa Moyo

(Mhadhara kwa wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, wazee wa mitaa na familia za wagonjwa, Temeke, Dar es Salaam)

    

 Humu ndani wapo watu wa Mbagala, Chamazi na Tandika. Wapo waliovuka kutoka Kigamboni. Na nimeambiwa wapo wa Tandale na Bunju, upande wa Kinondoni, waliobadilisha daladala njiani ili wafike. Nitajitahidi nauli yenu isipotee.

Nimekuja kuzungumza juu ya mifupa ya mtu mwenye moyo ulioshindwa kazi. Namaanisha yule ambaye moyo wake hausukumi damu inavyotakiwa: mtaani tunasema moyo umepanuka, au amejaa maji. Miguu inavimba, pumzi inakata akipanda ngazi, usiku analala kwa mito mitatu. Huyu tunamwuguza moyo kwa bidii, na ni haki yake. Kumbe wakati huohuo mifupa yake inapungua bila kelele, hadi siku anapoteleza uani na nyonga inavunjika.

Lengo langu ni kuonyesha mambo mawili. Kwanza, mifupa hiyo inapunguzwa na ugonjwa wenyewe, na dawa zake, na pia na makatazo tunayompa mgonjwa: usitembee, usile hiki, usikae juani. Katazo moja moja lina sababu yake. Yakijumlishwa, yanamdhoofisha mtu mpaka anavunjika. Pili, tunaweza kurekebisha sehemu kubwa ya jambo hili kwa vitu ambavyo tayari tunavyo. Nina hoja sita.

Hoja ya kwanza: Ugonjwa huu ni wetu, na wagonjwa wake si wazee peke yao

Kwa muda mrefu vitabu vya udaktari vilibeba dhana kwamba Mwafrika ana mifupa migumu, kwamba kuvunjika nyonga uzeeni ni shida ya Wazungu. Dhana hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1968 daktari wa mifupa Louis Solomon alichapisha utafiti wake wa Johannesburg, akaonyesha kwamba nyonga kuvunjika lilikuwa jambo la nadra sana miongoni mwa Waafrika weusi wa mji ule. Lakini tuangalie kilichobadilika tangu hapo. Watu wanaishi zaidi. Wanakaa zaidi, wanatembea kidogo, wanalima kidogo. Na wanaishi na magonjwa ya muda mrefu yanayotafuna mfupa, likiwemo hili la moyo.

Hapa Dar es Salaam tuna utafiti wetu wenyewe. Profesa Abel Makubi na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 427 wa moyo ulioshindwa kazi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wastani wa umri wa wagonjwa wale ulikuwa miaka 55. Katika nchi za Ulaya mgonjwa wa kawaida wa namna hii amepita miaka 70. Chanzo kikubwa kilikuwa shinikizo la damu, asilimia 45. Kikafuatiwa na magonjwa ya msuli wa moyo, asilimia 28. Kisha valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayoanza na maambukizi ya koo utotoni, asilimia 12. Na zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa na upungufu wa damu.

Kwa nini nasisitiza umri? Mwili wa binadamu hujenga mfupa mpaka kwenye miaka ya mwisho ya ishirini hivi. Baada ya hapo hulinda ulichojenga, na mwanamke akikoma hedhi upotevu huongezeka kasi. Binti wa miaka 17 mwenye valvu mbovu, anayeambiwa asicheze, asikimbie, asifanye kazi nzito, anapitwa na miaka yake ya kujenga. Mama wa miaka 52 anaupata ugonjwa wa moyo palepale hedhi inapokoma. Wagonjwa wetu ni vijana kuliko wa Ulaya, na hiyo maana yake ni kwamba wataishi na mifupa hiyo dhaifu miaka mingi zaidi.

Hoja ya pili: Moyo ukishindwa, mfupa ndio unaolipa

Ushahidi kwanza. Katika jimbo la Alberta, Kanada, watafiti waliwaangalia watu zaidi ya elfu kumi na sita wenye umri wa miaka 65 na kuendelea waliofika hospitali kwa dharura za moyo na mishipa. Taarifa ilichapishwa mwaka 2008. Ndani ya mwaka mmoja, asilimia 4.6 ya wenye moyo ulioshindwa kazi walikuwa wamevunjika mfupa. Miongoni mwa wenye magonjwa mengine ya moyo ilikuwa asilimia 1. Mwaka 2012 utafiti mwingine, wa Manitoba, ukahesabu uzito wa mifupa, umri na maradhi mengine, na bado moyo ulioshindwa kazi uliongeza hatari ya kuvunjika kwa karibu asilimia 30. Kwa hiyo hatuwezi kusema ni uzee tu.

Sasa inakuwaje? Moyo ukisukuma damu kidogo, figo hudhani mwili umekauka. Zinaamsha homoni za kushika chumvi na maji, na kubwa kati yake inaitwa aldosteroni. Homoni hiyo inaposhika chumvi, inasababisha kalsiamu itoke kwa wingi kupitia mkojo na choo. Kalsiamu ikishuka katika damu, tezi nne ndogo zilizo shingoni hushtuka, kwa sababu moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila kalsiamu. Tezi hizo hutoa homoni inayouamuru mfupa uachie kalsiamu yake.

Akina mama wa vikoba mtanielewa hapa. Mfupa ni kikoba cha kalsiamu. Mwanachama akikopa na kurejesha, kikoba kinasimama. Huyu mgonjwa anakopa kila siku, na kurejesha hakupo.

Na kwa nini hakupo? Kwanza, utumbo uliovimba kwa maji haunyonyi chakula vizuri. Mgonjwa mwenyewe hana hamu ya kula, tumbo linajaa haraka. Pili, vitamini D, inayosaidia utumbo kunyonya kalsiamu, lazima ipite kwenye ini na figo ili ianze kufanya kazi, na viungo hivyo navyo vimelemewa. Tatu, ugonjwa wa muda mrefu hujaza damu kemikali za uvimbe, nazo huzipa nguvu seli zinazobomoa mfupa. Nne, mwili usiobeba uzito wake hauna sababu ya kutunza mfupa. Wanaanga wanaokaa angani, ambako hakuna uzito, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi, na hao ni watu wenye afya waliochaguliwa kwa mchujo mkali. Mgonjwa wetu anayeshinda kitandani hajaenda angani, ila mfupa wake umeanza safari hiyohiyo.

Hoja ya tatu: Dawa zinaokoa moyo, lakini zinahitaji kusimamiwa kwa ajili ya mfupa

Kabla sijaendelea, nawaomba nyote mnisikie vizuri, na wahudumu wa jamii mlifikishe hili nyumbani kama lilivyo: hakuna mtu aache dawa ya moyo kwa sababu ya mhadhara huu. Mtu akiacha dawa ya moyo, tutamzika na mifupa yake mizima. Ninachotaka ni kila dawa ijulikane tabia yake.

Dawa ya kutoa maji ambayo wengi mnaijua kwa jina la Lasix, yaani furosemidi, hutoa maji, chumvi na pia kalsiamu kwa njia ya mkojo. Zipo dawa nyingine za mkojo za kundi la thiazaidi, zinazotumika sana kwa presha, ambazo zenyewe huibakiza kalsiamu mwilini. Na ipo spironolaktoni, inayozuia ile aldosteroni; tafiti zimeihusisha na upungufu wa kuvunjika mifupa kwa wanaume wenye ugonjwa huu. Kwa hiyo swali la daktari lisiishie "maji yametoka?" Liendelee: je, mgonjwa anahitaji bado kipimo kilekile cha Lasix alichopewa siku alipolazwa, au miguu imeshanywea na dozi inaweza kushushwa?

Kuna warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Mwenye valvu ya chuma haikwepi. Na mwaka 2022 utafiti mkubwa wa wagonjwa wa rumatiki wenye mapigo yasiyo na mpangilio, ulioitwa INVICTUS, ulionyesha kwamba dawa za kundi la warfarini ziliwalinda vizuri kuliko dawa mpya ya rivaroksabani. Basi itaendelea kuwa nasi. Warfarini huzuia kazi ya vitamini K, na vitamini K inahusika pia katika protini za mfupa. Tafiti juu ya madhara yake kwa mfupa zinapingana. Kuna omeprazoli, ambayo watu hujinunulia duka la dawa na kuimeza mwaka mzima kwa ajili ya kiungulia. Na kuna prednisoloni na dawa za jamii yake, zinazouzwa kwa mlango wa nyuma "kuongeza hamu ya kula". Hizi za mwisho ni adui wa wazi wa mfupa, tena hushika maji mwilini na kumzidishia mgonjwa wa moyo mzigo. Wafamasia mliopo, na wenye maduka ya dawa muhimu, hapo nawategemea ninyi.

Hoja ya nne: Makatazo yetu yanakusanyika kwenye sahani na kwenye mlango

Hapa ndipo hasa nilipotaka kufika.

Chukueni mfano wa mama wa Mbagala Rangi Tatu, umri miaka 58, presha ya muda mrefu, moyo umepanuka. Ametoka hospitali na orodha. Daktari kasema apunguze chumvi, basi jirani kamwambia aache dagaa. Kaambiwa maji yapimwe, basi maziwa na mtindi vimeondolewa kwa sababu ni vya majimaji. Anatumia warfarini, kwa hiyo mtu kamwonya asiguse mboga za majani. Mtoto wake anampenda, hamruhusu kufagia wala kwenda gengeni. Na kwa sababu joto linamchosha, anashinda ndani, pazia limeshushwa. Mwisho wa siku mama huyu amekula wali mweupe na chai ya rangi, amekaa kitini, hajaona jua. Kila aliyemkataza alimtakia mema. Naona akina dada wa pale mbele mnatikisa vichwa, nadhani mnamjua.

Rai yangu ni kanuni moja: katazo lisitoke mdomoni mwetu bila mbadala wake. Niyatazame makatazo hayo moja baada ya jingine.

Dagaa. Tatizo ni chumvi, si dagaa. Dagaa wengi wa baharini, wakiwemo wale tunaowaita dagaa mchele, huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Hao mgonjwa wa moyo awaogope. Dagaa wa ziwa waliokaushwa juani bila chumvi ni chakula chake, wakiliwa wazima na miba yao, kwa sababu kalsiamu iko kwenye miba. Aulize muuzaji, aonje mmoja, ulimi utamwambia. Akiwa na shaka awaloweke, amwage maji, awaoshe tena. Aliye karibu na Feri au Kunduchi anaweza kupata dagaa wabichi, akawapika kwa ndimu, nyanya na kitunguu saumu. Na kupunguza chumvi kwenyewe kunaulinda mfupa, kwa kuwa sodiamu inapotoka kwenye mkojo huondoka na kalsiamu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa ya kwenye mkate, mchuzi wa paketi na kachumbari.

Maziwa. Glasi ya mililita 250 ina kalsiamu ya miligramu 300 hivi, na mtu mzima anahitaji kama miligramu 1000 kwa siku. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji 1200. Kama maji yake yamepimwa, glasi hiyo iingie kwenye hesabu ya maji, ichukue nafasi ya soda au chai ya pili. Uji wa ulezi ni mbadala mzuri kuliko wa mahindi, kwa kuwa gramu 100 za ulezi zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300. Ufuta usiokobolewa, ule unaotujia kwa wingi kutoka Lindi na Mtwara, una kalsiamu nyingi mno. Kijiko cha ufuta uliokaangwa na kusagwa kinaingia kwenye uji au kwenye mboga bila kuongeza hata tone la maji.

Mboga za majani. Huyu wa warfarini hakukatazwa mboga. Alitakiwa asibadilishe kiasi. Asile bakuli zima la kisamvu wiki hii na wiki ijayo asionje jani. Ale kiasi kilekile, siku zilezile, na kipimo chake cha damu kitatulia. Na mboga hazifanani: mchicha una kalsiamu, ila sehemu kubwa imefungwa na kemikali iitwayo oksaleti, haifyonzwi. Chainizi, figiri na sukuma wiki huiachia kalsiamu yake kwa urahisi zaidi. Genge la kona linazo zote.

Jua. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa watu wanaoishi kimila hapa Tanzania, Wamasai na Wahadzabe, ukakuta wastani wa vitamini D katika damu yao ni nanomoli 115 kwa lita. Wataalamu wengi huhesabu chini ya 50 kuwa upungufu. Ngozi nyeusi, basi, haizuii vitamini D. Inachohitaji ni muda nje. Na mtu wa mjini, hata kama mji wenyewe uko nyuzi saba tu kusini mwa ikweta, anaweza kuishi kama aliye nchi ya baridi akifungiwa ndani. Tuna desturi ya kuwaanika watoto kwenye jua la saa moja asubuhi. Jua lile ni la upole, lakini miale inayotengeneza vitamini D bado ni haba. Inapanda kuanzia saa nne hivi. Mgonjwa wa moyo asikae juani mpaka achoke. Robo saa hadi nusu saa kwenye saa nne, uani, mikono na miguu ikiwa wazi, siku kadhaa za wiki, inatosha kuanzia. Wanaovaa buibui, uani kwenu mna sitara.

Kazi. Mapumziko ni ya siku za kulazwa na siku za kuvimba. Mgonjwa aliyetulia anatakiwa atembee. Utafiti wa HF-ACTION, uliochapishwa mwaka 2009 ukihusisha wagonjwa 2,331 wa moyo ulioshindwa kazi, ulionyesha kwamba mazoezi yaliyosimamiwa ni salama kwao. Kipimo ni rahisi: atembee kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Asimame na kukaa kitini mara kumi, asubuhi na jioni. Afagie uwanja. Aende gengeni mwenyewe.

Hoja ya tano: Mfupa dhaifu hauvunjiki bila kuanguka, na kuanguka kuna saa yake

Waulizeni wagonjwa wenu wanameza Lasix saa ngapi. Kwenye kadi imeandikwa asubuhi. Lakini mtu wa Chamazi au Mabwepande anayetoka nyumbani alfajiri, akakaa kwenye foleni saa mbili ndani ya daladala iliyojaa, hawezi kumeza dawa inayompeleka msalani kila baada ya nusu saa. Basi anaiahirisha hadi jioni akirudi. Ninyi mnacheka, ila ndivyo ilivyo. Usiku anaamka mara tatu, mara nne. Choo kiko nje, umeme labda umekatika, sakafu ya saruji ina maji ya kuoga. Anaamka ghafla, presha inashuka kwa sababu ya dawa, kichwa kinazunguka, anatafuta ukuta, haupati.

Nyonga imevunjika hapo, na sababu ni ratiba ya daladala.

Mbadala upo. Dawa hiyo hufanya kazi yake kubwa ndani ya saa sita hivi baada ya kumezwa. Siku ya safari inaweza kumezwa mara mtu anapofika, au mchana kabla ya saa tisa, kwa makubaliano na daktari. Akiamka usiku, akae ukingoni mwa kitanda ahesabu hadi thelathini, ndipo asimame. Ndoo au chungu cha usiku kando ya kitanda si aibu. Bibi zetu walikuwa nacho. Tochi ya simu iwe chini ya mto. Kandambili zilizolika soli zitupwe. Na presha ipimwe amekaa, kisha amesimama. Ikishuka sana, dawa zipitiwe upya.

Hoja ya sita: Tusisubiri mashine kubwa

Kipimo kamili cha uzito wa mfupa kinaitwa DEXA. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1994, alama ya hasi 2.5 au chini yake ndiyo osteoporosisi, yaani mifupa imedhoofika kiasi cha kuvunjika kirahisi. Mashine hizo ni adimu nchini kwetu, na sioni sababu ya kusubiri kila wilaya ipate yake.

Karibu kila mgonjwa wa moyo amepigwa picha ya kifua. Daktari anaitazama picha ile kuona ukubwa wa moyo na maji kwenye mapafu, kisha anairudisha kwenye bahasha. Lakini ile ya ubavu inaonyesha uti wa mgongo. Pingili nzima ina umbo la mraba. Iliyobonyea inakuwa kama kabari: nyuma imesimama, mbele imekaa chini. Mwaka 2011 watafiti wa Alberta walizipitia upya picha za kifua za wagonjwa 623 wa kliniki ya moyo. Asilimia 12 walikuwa na pingili zilizobonyea. Zaidi ya nusu ya hao walikuwa na pingili zaidi ya moja. Na waliokuwa wakitibiwa mifupa ni asilimia 15 tu. Ushahidi ulikuwa ndani ya bahasha. Wagonjwa wenyewe walikuwa wakidhani ni mgongo wa uzee.

Wahudumu wa jamii hamna picha, lakini mna ukuta. Msimamishe mgonjwa, visigino na mgongo viguse ukuta, atazame mbele. Kisogo kisipogusa ukuta, mwandikie rufaa. Mpime urefu, uandike kwenye kadi, upime tena mwaka ujao. Kisha muulize: umewahi kuvunjika baada ya kuanguka tu, bila ajali? Umeanguka mwaka huu? Mama yako au baba yako alivunjika nyonga? Hedhi ilikoma lini? Maswali hayo hayana gharama.

Kuhusu tiba, niwe mfupi. Dawa za kundi la bisfosfoneti, kama alendroneti, hutumika, lakini figo zipimwe kwanza. Humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, na mtu abaki amekaa wima au amesimama nusu saa ili zisichome koo la chakula; glasi hiyo nayo ihesabiwe kwenye maji ya siku. Vidonge vya kalsiamu visinunuliwe kienyeji, hasa na anayetumia digoxini, maana kalsiamu ikizidi katika damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Vitamini D ni ya aliyepungukiwa, kwa ajili ya mifupa. Asije mtu akauziwa kama dawa ya moyo: huko Ujerumani wagonjwa 400 waligawanywa, wengine wakapewa vitamini D yuniti 4000 kila siku kwa miaka 3, na vifo havikupungua.

Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, namalizia, na naona muuguzi wa zamu anatazama saa.

Nchi yetu imepiga hatua katika tiba ya moyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015. Leo ina tawi lake la Dar Group hapa Tazara, na madaktari wake huzunguka mikoani kwa tiba mkoba. Taasisi ya Mifupa, MOI, ipo Muhimbili kwa sheria ya mwaka 1996. Wagonjwa wanaishi sasa pale ambapo zamani wangekufa. Kadiri wanavyoishi, ndivyo swali la mifupa yao litakavyozidi kuwa kubwa, na taasisi hizi mbili, ambazo ni majirani, zina kila sababu ya kuwa na kliniki ya pamoja.

Kwa hiyo nina maombi matatu ya kufanyiwa kazi kuanzia sasa. Hospitali zetu za rufaa za mkoa, Temeke, Mwananyamala na Amana, ziongeze mistari miwili kwenye kadi ya kliniki ya moyo: urefu wa mgonjwa, na kama ameanguka tangu alipokuja mara ya mwisho. Wanaosoma picha za kifua waandike pia hali ya pingili. Na wakati Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaendelea kutekelezwa, tuseme mapema kwamba dawa za mifupa kwa mgonjwa wa moyo aliyekwisha kuvunjika ziwe ndani ya kitita, kwa sababu kumtibu nyonga iliyovunjika ni gharama kubwa zaidi.

Ninyi wahudumu wa jamii mnarudi mitaani jioni hii. Mtakapoingia kwenye nyumba ya mgonjwa wa kwanza wiki hii, ombeni mwone orodha ya alivyokatazwa. Kaeni naye na familia yake, mwandike mbele ya kila katazo mbadala wake: chakula gani, saa ngapi, hatua ngapi. Karatasi hizo zileteni kikao kijacho. Tutazisoma hapa pamoja, tuone wapi tumekosa jibu, na maswali hayo tuyapeleke kwa madaktari wa moyo na wa mifupa wakiwa wamekaa meza moja.

 Sasa niko tayari kwa maswali.